Pete Mbili Ukutani

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa chaki. Nilikaa karibu na geti la karakana moja ya majiko pale Kariobangi Light Industries, na kila jiko lililomalizika lilipita mikononi mwangu kabla ya kupakiwa. Nililiinua, nikaligonga kwa kifundo cha kidole, nikatega sikio. Chungu kizima kina mlio; chenye ufa hutoa sauti nzito, iliyokufa. Zuri nililitia alama ya chaki chini ya kitako. Baya lilikwenda kona ya nyuma, na kona hiyo sikuwahi kuiona tupu.

Mkaaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa jiko hili: bati nje, udongo ndani, kiuno chembamba katikati. Lilianza kusambaa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, mafundi wetu wa jua kali wakalipa umbo tunalolijua. Kinacholifanya liwe gumu kutengeneza ni kwamba lina wazazi wawili wasiokutana. Fundi wa bati hukata na kufua ganda lake hapa mjini, mfinyanzi hufinyanga na kuchoma chungu chake huko aliko, halafu mtu wa tatu anatakiwa kuvioanisha. Kati ya bati na chungu huachwa nafasi nyembamba, ikajazwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayofura yakipashwa moto na kuzuia joto lisikimbilie kwenye bati.

Chungu kikipasuka, faida yote imekwisha. Joto linapenya, bati linaungua, na mama wa Kayole aliyejinyima akanunua jiko ili mkebe mmoja wa makaa umfikishe jioni anajikuta ananunua miwili tena. Nimeanza na mama huyu kwa sababu watu wengi wakisikia neno ubora hufikiria cheti kilichotundikwa ofisini. Mimi humfikiria yeye.

Msimu mmoja wa masika mwenye duka wa Gikomba aliturudishia majiko 19 kwa mkupuo. Niliyageuza moja moja. Yote yalikuwa na chaki yangu. Yote yalikuwa mazima nilipoyagonga, na yote yalikuwa yamepasuka siku ya kwanza yalipowashwa, ufa ukianzia ukingoni na kushuka chini kama mto kwenye ramani.

Mkubwa wetu alifanya kile ambacho wakubwa wengi wangefanya. Aliongeza mkaguzi wa pili akae nami, na akatangaza kwamba kila jiko litakalorudi, aliyeliunganisha atakatwa. Ndani ya wiki mbili kona yangu ya majiko mabaya ilipungua, mkubwa akafurahi, na majiko yaliyorudi kutoka madukani yakaongezeka. Nilipochunguza niligundua kwamba ufa mdogo uliokuwa ukinifikia ukiwa wazi sasa ulikuwa ukipakwa uji wa saruji kabla haujafika mezani kwangu. Hatukuwa tumepunguza kasoro. Tulikuwa tumewafundisha watu kuzificha. Bado inaniuma, kwa sababu waliokatwa mshahara mwezi ule walikuwa watu wenye watoto shuleni, na hawakuwa na hatia.

W. Edwards Deming, Mmarekani aliyekwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda matumizi ya takwimu katika uzalishaji, alilishikilia jambo hili maisha yake yote: ukaguzi wa mwisho huja umechelewa, kwa sababu ubora, au ubovu, tayari umeshaingia ndani ya kitu. Nilikuwa nimelisikia siku nyingi. Lilinipata barabara siku nilipokubali kwamba majiko yale 19 ningeyagonga mara mia na bado ningeyatia chaki. Mkaguzi wa pili angeyatia chaki vilevile.

Nikamwomba mkubwa siku tatu za kutokaa getini. Nilichukua kigoda nikaenda kuketi karibu na mama mmoja aliyekuwa akiunganisha majiko tangu kabla sijaajiriwa.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, nikamwona anatia chungu ndani ya bati, kinakataa. Hakushangaa. Alikitoa, akakilaza mapajani, akachukua tupa, akaigeuza upande wa mpini, na kuanza kugonga ukingo wa chungu taratibu, ko, ko, ko, huku akikizungusha, vumbi jekundu likimwangukia kwenye leso. Kisha akakwangua kwa meno ya tupa, akajaribu tena, kikaingia. Akapaka saruji. Ilimchukua kama dakika nne, na kama sikuwa nimeketi pale nisingejua, maana saruji ilifunika kila kitu.

"Mama, hivi huwa unafanya kwa vyungu vingapi?"

"Siku hizi? Karibu nusu. Zamani ilikuwa kimoja kimoja tu."

"Na hukumwambia mtu?"

Aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nimwambie nani, mwanangu? Nalipwa kwa jiko. Nikikaa nangoja chungu kingine, hiyo ni ugali wa nani?"

Udongo uliochomwa haupendi kugongwa. Kila pigo la mpini huacha mpasuko mdogo usioonekana kwa macho wala kusikika kwa kifundo cha kidole, na mpasuko huo husubiri. Makaa yakishika, ukingo unapanuka kuliko kitako, mpasuko unafunguka. Majiko yangu 19 yalikuwa yamepasukia mapajani mwa mama huyu, kwa nia njema kabisa, siku nyingi kabla ya moto.

Hapo ningeweza kuishia, nikabandika karatasi ukutani: Ni marufuku kugonga chungu. Karakana nyingi zina karatasi za namna hiyo. Lakini swali lilibaki: kwa nini vyungu vilianza kukataa kuingia? Bati halikuwa limebadilika; nililipima, na kalibu ya mti ambayo mzee wa mabati alikunjia ganda ilikuwa ileile ya miaka yote. Basi nikapanda matatu kwenda upande wa Kiambu kwa mfinyanzi.

Alinikaribisha vizuri, akanionyesha vyungu vimepangwa chini ya paa la mabati, na bila kuulizwa akanieleza shida yake. Mvua zilipoanza, vyungu vyake vilikuwa vikipasuka wakati wa kukauka, kwa sababu udongo ule mnene hupungua sana unapopoteza maji, na ukikauka upande mmoja kabla ya mwingine hujirarua wenyewe. Akafanya kama baba yake alivyomfundisha: akaongeza mchanga. Mchanga haunywi maji na haupungui, kwa hiyo chungu chenye mchanga zaidi hukauka kwa amani. Hasara yake ikaisha. Alikuwa na furaha, na alistahili.

Sasa tazama hesabu. Kalibu yake ina upana wa sentimita 26. Udongo wa zamani ulikuwa ukipungua kama asilimia 10 hadi kutoka tanurini, chungu kinabaki na sentimita 23.4. Udongo wenye mchanga unapungua asilimia 8, chungu kinabaki na 23.92. Tofauti ni nusu sentimita. Mkononi huioni. Ndani ya bati, nusu sentimita ndiyo mpini wa tupa, ndiyo ufa, ndiyo mshahara uliokatwa.

Mfinyanzi aliona vyungu vinapasuka, akavinusuru. Mama aliona chungu hakiingii, akakiingiza. Mkubwa aliona majiko yanarudi, akakaza kamba. Kila mmoja alimaliza shida iliyokuwa mbele yake kwa akili yake yote, na kila mmoja alimsukumia jirani shida kubwa zaidi. Mtu mzembe hakuwepo katika mnyororo huu wote. Kilichokosekana ni njia ya habari kurudi nyuma. Chungu kilikuwa na njia ya kutoka Kiambu hadi Kariobangi. Neno "hakiingii" halikuwa na njia ya kutoka Kariobangi hadi Kiambu. Katika kila kazi niliyoifanya tangu hapo, nikikuta kasoro inayojirudia, kwanza natafuta ni wapi habari imekatikia. Sijawahi kukosa kitu.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi mno. Fundi wa kulehemu alikunja ufito wa chuma akatutengenezea pete mbili. Chungu kizuri hupita ndani ya pete kubwa na hukataa kupita ndani ya pete ndogo. Kikishindwa kupita kubwa, kimezidi. Kikipita ndogo, kimepungua, na kitacheza ndani ya bati kama jino bovu. Hakuna kusoma rula, hakuna kubishana, na mtu asiyejua kusoma anapima sawa na mhandisi. Tulitengeneza jozi mbili: moja tukaitundika ukutani pale vyungu vinaposhushwa, nyingine nikampelekea mfinyanzi kwa mkono wangu. Naye akachonga kalibu ya pili, ndogo kidogo, kwa ajili ya udongo wa msimu wa mvua.

Ukitaka kuboresha kazi yoyote ya kuunganisha, iwe jiko, kiti, baiskeli au shati, anza na kipimo kinachokaa mkononi mwa anayefanya kazi. Kipimo kilichofungiwa kwenye droo ya ofisi ni mapambo.

Pete zilitatua vyungu. Hazikutatua ile "nimwambie nani". Kwa hiyo tulipigilia msumari kwenye nguzo ya katikati, tukakubaliana kwamba yeyote anayekutana na kitu kisichokaa sawa atundike pale kipande cha leso nyekundu, na leso ikitundikwa, mimi au mzee wa mabati tunakwenda mara moja, na hakuna kuendelea hadi jambo lieleweke.

Wazo si langu. Sakichi Toyoda, Mjapani aliyezaliwa 1867, alitengeneza mitambo ya kufuma iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika; ule uliokamilika mwaka 1924 ulikuwa bora kiasi kwamba mwaka 1929 kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, ilinunua haki zake. Mtambo usio na uwezo huo, uzi ukikatika, huendelea kutoa kitambaa kibovu hadi mtu agundue, kwa hiyo unahitaji mlinzi. Mtambo unaojisimamisha unamwachia mtu mmoja kusimamia mingi. Baadaye kiwanda cha magari kilichozaliwa na familia hiyo kilimpa mfanyakazi kamba ya kuvuta ili aombe msaada, na kazi kusimama ikibidi. Wengi huona ajabu kwamba kusimama kunaongeza kasi. Mimi siioni ajabu tena. Dakika kumi za leso ni nafuu kuliko majiko 19 kwenye mkokoteni wa kurudi.

Wiki ya kwanza leso haikutundikwa hata mara moja.

Nilikasirika, halafu nikaona aibu kwa kukasirika, kwa sababu jibu nilikuwa nimeshapewa. Nalipwa kwa jiko. Malipo ya kipande yalikuwa yakimtoza faini kila anayesema ukweli. Ilituchukua mwezi mzima na vikao vitatu vizito na mkubwa kukubaliana: waunganishaji walipwe kwa siku, muda wa leso uhesabiwe kuwa muda wa kazi, na ile sheria ya kukata mshahara ifutwe. Mkubwa aliogopa kwamba watu watalala. Hawakulala. Wiki iliyofuata leso ilipanda nguzoni mara kumi na moja, na mambo yaliyotajwa kumi na moja yalikuwa ya kweli yote: mkasi wa bati uliopoteza makali, mfuko wa saruji ulioshika unyevu, mguu wa meza unaocheza.

Wakubwa wa viwanda hapa mjini wamezoea kunukuu kasi ya Henry Ford. Ni kweli, kule Highland Park, Michigan, kuanzia 1913, kazi ya kuunganisha chasisi ya gari lake la Model T ilishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Kinachosahauliwa ni kwamba mwaka huohuo watu walikuwa wakiacha kazi pale kwa wingi wa kutisha, hadi idadi ya walioajiriwa kujaza nafasi ilizidi mara tatu ya nafasi zenyewe. Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya malipo ya awali. Kila nikipita Lunga Lunga saa kumi na mbili asubuhi na kuona vijana wamejipanga getini kungoja kuchaguliwa vibarua wa siku, nakumbuka hesabu hiyo. Mtu wa siku moja hajui chungu cha wiki iliyopita kilikuwaje. Ataona nusu sentimita wapi?

Jambo jingine lilikuwa rundo. Karakana yetu ilionekana yenye shughuli kwa sababu sakafu ilijaa. Siku moja nilihesabu: kati ya bati kukunjwa na jiko kupakwa saruji, kulikuwa na majiko 240 yaliyokwama nusu njia, na tulikuwa tukimaliza 40 kwa siku. Gawanya. Kila ganda lilikuwa likikaa siku sita likingoja kazi ya saa moja. Kanuni hii John Little wa Marekani aliithibitisha kihesabu mwaka 1961, lakini mtoto wa darasa la nne anaweza kuitumia: vilivyo njiani, gawanya kwa vinavyotoka kila siku, utapata siku za kungoja. Ubaya wa siku hizo si pesa iliyolala sakafuni tu. Kosa la Jumatatu lilikuwa likigunduliwa Jumamosi, na kufikia Jumamosi lilishazaliana mara 240. Tukaanza kupitisha kazi kumi kumi, na meza inayofuata isipomaliza kumi zake, ya nyuma inasimama na kwenda kuisaidia. Mzee wa mabati alichukia sana kusimama. Alikuwa na haki, maana maisha yake yote alisifiwa kwa urefu wa rundo lake. Lakini kasoro ya asubuhi ilianza kujulikana kabla ya chai ya saa nne, na hilo lilimgeuza.

Kufagia, kupanga vifaa, kuchora kivuli cha kila nyundo ukutani, hayo yote tulifanya pia. Yanasaidia. Sitayapigia ngoma.

Nitataja kikopo cha riveti, kwa sababu ni kitu ninachokipenda. Kila jiko la ukubwa wetu lina riveti 14 kwenye miguu, vishikio na mlango wa majivu, na mara kwa mara moja ilisahaulika. Mjapani Shigeo Shingo alikutana na tatizo kama hili mwaka 1961 kwenye kiwanda kilichounganisha swichi ndogo yenye springi mbili: wafanyakazi walisahau springi, wakubwa wakawahimiza wawe makini zaidi, wakaendelea kusahau. Shingo akasema springi mbili ziwekwe kwanza kwenye kisahani kidogo. Kazi ikiisha na springi imebaki kisahanini, umejua. Sisi tulichukua makopo ya nyanya, riveti 14 katika kila kopo. Kopo likibaki na kitu, rudi ukaangalie. Kijana wetu aliyekuwa akisahau kuliko wote hakubadilika tabia hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa kopo linamkumbusha.

Majiko yaliendelea kurudi, moja moja, kwa sababu nyingine, na bado tunawasha jiko moja katika kila kundi kabla ya kuuza. Meza yangu ya getini iliondolewa. Mkaguzi wa pili sasa anashika zamu ya leso. Pete zilitundikwa ukutani karibu mwaka mzima bila neno.

Kisha mwezi uliopita leso ikapanda, na aliyeitundika alikuwa yule mama. Nilimkuta ameshika chungu mkono mmoja na pete kubwa mkono mwingine.

"Hiki kinapita," akasema, akakipitisha. Akazungusha pete robo mduara. Kikakwama. "Na hivi hakipiti."

Nikasema basi chungu kimepinda, tukirudishe. Akatikisa kichwa. Aliniomba chaki, nilikuwa na kipande mfukoni, mazoea hayaishi. Akachora mstari mdogo kwenye pete, pale ilipokwamia. Akachukua chungu cha pili, akakizungusha ndani ya pete. Kikakwama penye chaki. Cha tatu. Penye chaki.

"Si vyungu," akasema. "Wiki iliyopita hii pete ilianguka kwenye saruji, nikaisikia. Imekuwa yai."

Tulisimamisha upokeaji wa vyungu kwa saa mbili hadi fundi wa kulehemu alipomaliza pete mpya. Ile ya zamani imebaki kwenye msumari wake, na mstari wake wa chaki haujafutika.